Kocha, mtoto na mlango uliofungwa

FEBRUARI 17, 2022, Beijing, China. Binti wa miaka 15 anaingia kwenye barafu akiwa anaongoza mashindano ya wanawake ya Olimpiki ya majira ya baridi. Anaruka, anaanguka. Anaruka tena, anaanguka tena. Dakika nne baadaye Kamila Valieva wa Russia ameporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya nne.

Anatoka huku analia. Ukingoni anasubiriwa na kocha wake, Eteri Tutberidze. Kamera za televisheni zinanasa kila kitu. Maneno ya kwanza anayokutana nayo yule mtoto ni maswali: kwa nini aliacha kupambana? Kesho yake Thomas Bach, aliyekuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), alisema hadharani kwamba alishtushwa na ubaridi aliouona kwa watu waliomzunguka binti huyo. Bosi wa Olimpiki kulisema hadharani benchi la ufundi la mchezaji si jambo la kila siku.

Valieva alikuwa ameingia uwanjani na mzigo mwingine. Siku chache kabla, ilifahamika kwamba sampuli aliyotoa Desemba 25, 2021 ilikutwa na trimetazidine, dawa ya wagonjwa wa moyo ambayo imepigwa marufuku michezoni. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), ile ile ambayo mashabiki wa soka tunaisikia kila klabu zinapogombea mikataba, ilimruhusu aendelee kushindana kwa kuwa alikuwa chini ya miaka 16. Januari 2024 CAS ikamfungia miaka minne. Upande wake ulidai dawa ile ilikuwa ya babu yake, majaji hawakuridhika na maelezo hayo.

Sasa, shabiki wa soka unaweza kuuliza: barafu inatuhusu nini sisi? Ukanda wetu wote huu, uwanja wa barafu unaojulikana ni ule wa Panari, Nairobi, ambako timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions, ilianzia mazoezi yake.

Inatuhusu. Mchezo huu wa kuteleza kwa mitindo umepitia skendo baada ya skendo za kocha na mtoto, na kila skendo imeacha somo. Mengine yamegeuzwa kuwa sheria ambazo akademi ya soka popote pale inaweza kuzichukua bila kulipia hata senti.

IKO HIVI

Mtelezaji mzuri anaanza akiwa na miaka minne au mitano. Anaamshwa alfajiri kwenda barafuni kabla ya shule, anarudi tena jioni. Soka dogo anakuwa na wenzake 20 au 25, wanavaa pamoja, wanataniana pamoja, wanamlalamikia kocha pamoja. Kwenye barafu, mara nyingi ni mtoto mmoja na kocha mmoja.

Huyo kocha analipwa na wazazi. Anachagua muziki, anapanga mitindo, anaamua mtoto avae nini, ale nini na awe na kilo ngapi. Kipaji kikionekana, familia inaweza kumhamishia mtoto mji mwingine ili awe karibu na kocha mwenye jina. Hapo baba na mama wanabaki kwenye simu. Kocha anakuwa mzazi, meneja, mlezi na mtu pekee anayeijua njia ya kwenda Olimpiki.

Halafu kuna ishu ya mwili. Mitindo yenye pointi nyingi ni ile ya kuruka na kujizungusha mara nne hewani, kwa muda usiofika hata sekunde moja. Mwili mwembamba ambao haujapevuka unazunguka haraka zaidi. Kwa hiyo ushindi wa mtoto una tarehe ya mwisho: siku atakapoanza kuwa mwanamke. Hapo ndipo maneno kuhusu uzito yanapoanza, mizani inatolewa kila mara, na chakula kinageuka adui.

Yulia Lipnitskaya wa Russia alikuwa na miaka 15 aliposhinda dhahabu ya timu kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014. Umri wa wachezaji wetu wa timu za vijana. Mwaka 2017, akiwa na miaka 19, alistaafu baada ya kutibiwa anorexia, ugonjwa unaomfanya mtu ajinyime chakula mpaka mwili unaisha. Umri ambao beki wa soka ndio kwanza anapandishwa timu ya wakubwa, yeye alikuwa ameshamaliza.

Unyanyasaji wa aina hii hauna jeraha la kuonyesha daktari. Mtoto anatukanwa kila siku, anaambiwa mnene, anaambiwa ovyo, na ukumbi mzima unasikia. Kwa kuwa medali zinakuja, wote wanaita nidhamu. Mtoto akishazoea kwamba mwili wake ni mali ya kocha, anayetaka kuvuka mpaka mwingine mbaya zaidi anakuta njia iko wazi.

UFARANSA: MIAKA 30 YA UKIMYA

Sarah Abitbol ni jina kubwa Ufaransa. Akiwa na mwenzake Stéphane Bernadis, walichukua shaba kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2000 yaliyofanyika kwao, mjini Nice. Watu waliona tabasamu na medali.

Januari 2020 Abitbol alitoa kitabu. Ndani yake alieleza kwamba kocha wake, Gilles Beyer, alimbaka mara kadhaa kati ya mwaka 1990 na 1992, alipokuwa na miaka 15 hadi 17. Alikaa na siri hiyo karibu miaka 30. Beyer alikiri kuwa na uhusiano wa karibu usiofaa na binti huyo, akaomba radhi, lakini akasema anavyokumbuka yeye si sawasawa na anavyokumbuka Abitbol. Kisheria, muda wa kufungua kesi ya Abitbol ulikuwa umeshapita.

Kilichowatibua Wafaransa zaidi ni hiki: mambo yalikuwa yameshaanza kujulikana. Mwaka 2001, baada ya uchunguzi, wizara ya michezo ilimwondoa Beyer kwenye kazi yake ya ukocha wa serikali. Ungetegemea hapo ndiyo mwisho wake. Wapi! Aliendelea na kazi kwenye klabu moja kubwa ya Paris kwa miaka mingi, na shirikisho la mchezo huo likaendelea kumpa majukumu kwenye safari za mashindano ya kimataifa. Alifungiwa mlango mmoja, akaingilia wa pili.

Aliyekuwa bosi wa shirikisho hilo ni Didier Gailhaguet, jina ambalo wapenzi wa Olimpiki wanalikumbuka. Ndiye aliyefungiwa miaka mitatu baada ya skendo ya waamuzi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, kisha akarudi na kukalia kiti kile kile mwaka 2007. Safari hii waziri wa michezo, Roxana Maracineanu, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa kuogelea, alimtaka aondoke. Aligoma kwa siku kadhaa. Februari 8, 2020 akaachia ngazi.

Waziri akaagiza uchunguzi. Agosti mwaka huo ripoti ikatoka na kutaja tuhuma dhidi ya makocha 21 wa michezo ya barafu, 12 kati yao wakihusishwa na udhalilishaji wa kijinsia. Makocha 21! Hiyo haiwezi kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja mwenye tabia mbovu. Huo ni mfumo uliomwachia mkubwa mtoto wa watu bila kumwangalia.

Baada ya hapo Ufaransa ilibadilika. Nathalie Péchalat, mtelezaji wa zamani aliyewahi kushinda shaba ya dunia, alichaguliwa kuongoza shirikisho Machi 2020. Wizara ikaanzisha kitengo cha kupokea malalamiko kutoka michezo yote, soka ikiwemo, ili mchezaji asilazimike kupeleka kesi kwa viongozi wale wale wanaompanga kocha. Na serikali ikaanza kukagua majina ya makocha na wanaojitolea kwenye klabu, kuyalinganisha na orodha ya waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono.

MAREKANI: SIKU 60 ZA KULALAMIKA

Mwaka 1999 kocha Craig Maurizi alimlalamikia aliyekuwa kocha wake, Richard Callaghan, akidai alimfanyia vitendo vya ngono kuanzia akiwa kijana mdogo. Callaghan hakuwa mtu wa hivi hivi. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amempa Tara Lipinski dhahabu ya Olimpiki ya Nagano. Alikana tuhuma zote.

Shirikisho la Marekani likaitupa kesi. Sababu? Kanuni ilitaka malalamiko yaletwe ndani ya siku 60 tangu tukio litokee.

Siku 60. Mtoto wa miaka 15 aliyefanyiwa jambo hilo na mtu anayeshikilia maisha yake yote, ndani ya miezi miwili awe ameshaelewa kilichompata, ameshapata ujasiri na ameshaandika barua. Kanuni ya namna hiyo inafaa kwa rufaa ya kadi nyekundu.

Kilichowaamsha Wamarekani ni skendo ya daktari Larry Nassar kwenye jimnastiki. Machi 2017 kikafunguliwa kituo cha kitaifa kinachoitwa SafeSport, na mwanzoni mwa 2018 kukapitishwa sheria. Maurizi akapeleka malalamiko yale yale kwenye kituo hicho. Callaghan akasimamishwa mwaka 2018, mwaka 2019 akafungiwa maisha. Akakata rufaa, na msuluhishi akaipunguza adhabu hiyo kuwa ya muda.

Ndiyo, SafeSport nayo ina lawama zake. Wachezaji wanalalamika kesi zinachukua muda mrefu, nyingine zinafungwa bila uamuzi. Wengine wanahoji uhuru wake kwa kuwa sehemu kubwa ya pesa inatoka kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo. Na anayetuhumiwa naye ana haki ya kusikilizwa, maana tuhuma ni tuhuma mpaka ithibitishwe. Ila kuna kitu kimoja walichokifanya ambacho kinastahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila akademi.

WANACHOKATAZA

Sheria zao za kumlinda mtoto zinaanza kabla ya kosa kutokea. Zinasema hivi, kwa lugha ya mtaani:

Kocha asikae na mtoto mahali ambapo hakuna anayewaona. Mazoezi ya watu wawili yanaruhusiwa, ila lazima mtu mwingine aweze kuwaona na aweze kuwakatiza muda wowote. Mlango wazi, dirisha wazi, mzazi anaruhusiwa kukaa jukwaani.

Kocha asilale chumba kimoja na mtoto safarini.

Kocha asimtumie mtoto meseji za siri. Akiandika, mzazi au mtu mzima mwingine awe anaziona.

Kocha asimbebe mtoto peke yake kwenye gari bila mzazi kuridhia kwa maandishi.

Masaji na matibabu ya mwili hayafanyiki chumbani watu wawili. Lazima mtu mzima mwingine awepo, na mzazi awe amekubali.

Halafu sheria ya nchi inasema mtu mzima kwenye michezo akishuku mtoto ananyanyaswa, anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Hasubiri kikao wala ruhusa ya mwenyekiti. Na majina ya waliofungiwa yanawekwa hadharani, ili kocha aliyetimuliwa mji huu asiende kupewa filimbi mji wa pili.

Ukizisoma vizuri, sheria hizi hazimwiti kocha yeyote mbakaji. Kocha safi hapotezi chochote kwa kuacha mlango wazi, na zinamkinga hata yeye asizushiwe. Mwenye nia mbaya ndiye anayepoteza, kwa sababu silaha yake ya kwanza ni kubaki na mtoto peke yake. Anaanza na zawadi. Zinafuata lifti za kila jioni, kisha meseji za usiku, mwisho siri ndogo ya "usimwambie mama". Ukikata mnyororo huu mwanzoni, huna haja ya kusubiri miaka 30 kitabu kitoke.

UMRI NAO UMEGUSWA

Baada ya yaliyotokea Beijing, Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu (ISU) lilikutana Phuket, Thailand, Juni 2022 na kupiga kura ya kupandisha umri wa chini wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17. Nchi 100 zilisema ndiyo, 16 zikasema hapana. Mabadiliko yakaenda kwa awamu: miaka 16 msimu wa 2023/24, kisha 17 kuanzia 2024/25. Olimpiki ya Milano Cortina mwaka 2026 ikawa ya kwanza chini ya kanuni hiyo.

Ni hatua. Inapunguza haraka ya kumkamua mtoto kabla hajakua. Lakini mtoto wa miaka 13 bado anashindana kwenye mashindano ya vijana, bado anaamka alfajiri, bado ana kocha mmoja. Abitbol hakuumizwa akiwa kwenye jukwaa la Olimpiki. Kwa maelezo yake, ilikuwa mazoezini na kambini, mahali ambapo kamera haziendi. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi, mlango nao unatakiwa uwe wazi.

SOKA NASI TUMO

Kama bado unadhani haya ni mambo ya barafu, kumbuka England. Novemba 2016 Andy Woodward, beki wa zamani aliyekulia Crewe Alexandra, alijitokeza kusimulia alivyonyanyaswa utotoni na kocha Barry Bennell. Baada yake wakajitokeza wengine wengi. Bennell alikuwa maarufu kwa jicho la vipaji. Nyumbani kwake kulikuwa na mashine za gemu na wanyama wa ajabu, akiwemo nyani. Madogo walipenda kwenda kulala kule, wazazi waliona ni bahati. Mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha miaka 30 na zaidi, na alifia gerezani mwaka 2023. Ripoti huru iliyotoka Machi 2021 ilisema chama cha soka cha nchi hiyo, FA, hakikufanya vya kutosha kuwalinda watoto hata baada ya hatari kujulikana.

Barafu ya Paris na nyasi za Crewe, mchezo tofauti, mchongo ule ule: mkubwa mwenye jina, mtoto mwenye ndoto, wazazi wenye shukrani, viongozi wanaoogopa aibu ya klabu kuliko maumivu ya mtoto.

Hapa kwetu tunajua dogo anavyosafiri. Anatoka mkoani na begi moja, anafikia kwa kocha au kwa mtu anayejiita wakala, na familia nzima inamwombea mtu huyo baraka. Timu za shule zikienda mashindanoni, watoto wanalala kwenye madarasa. Wengi wa makocha hawa ni watu wema, wanatoa nauli na viatu mfukoni mwao wakati hakuna anayewalipa. Ni hao hao wanaostahili utaratibu unaowatenganisha na wachache wabaya.

Mzazi, kabla hujamkabidhi mtoto, uliza mambo machache. Atalala wapi, na nani? Nani mwingine anakuwepo mazoezini? Akisafiri, mtu mzima wa pili ni nani, na kama ni timu ya mabinti, yupo mwanamke? Naruhusiwa kuja kuangalia mazoezi bila taarifa? Akiwa na malalamiko dhidi ya kocha, anampelekea nani ambaye si kocha? Kocha anayekasirishwa na maswali haya ameshakujibu.

Na viongozi wa klabu, hizi kanuni za mlango wazi hazihitaji mdhamini. Karatasi moja, gundi, ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo.

Kwa mtoto au mtu yeyote aliyeona kitu kisicho sawa, Tanzania kuna Namba ya Huduma kwa Mtoto, 116, kupiga ni bure. Kenya nako namba ya watoto ni hiyo hiyo, 116. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Huhitaji kuwa na ushahidi mkononi ndipo upige. Kuchunguza ni kazi yao, yako ni kusema mapema.